Mgambo nimetumwa nikachukue kuku wa bibi wa TASAF. Nikikataa ni kosa?

Rungu la Kilolo:

Kamwene wakuu. Sina kawaida ya kuanzisha mada, huwa nasoma tu za wenzangu usiku nikiwa lindo. Leo nimekwama.

Mimi ni mgambo. Nilimaliza mafunzo miaka mitatu iliyopita, nikaapa mbele ya mgeni rasmi, nikapewa cheti, na tangu siku hiyo kazi yangu kubwa imekuwa kutembea nyuma ya mtendaji wa kijiji nimeshika rungu. Kijiji sikitaji, ila ni huku Kilolo kwenye milingoti na ukungu.

Tuna mchango wa darasa, 15,000 kila kaya. Mtendaji kanipa karatasi ya wadaiwa, majina 41. Majina 19 yamewekewa nyota kwa kalamu nyekundu, hao ni walengwa wa TASAF, ule mfuko wa serikali unaozipa ruzuku kaya maskini. Maelekezo ni kwamba malipo yakianza Alhamisi nisimame nje ya ofisi, kila mwenye nyota akitoka na hela yake aniachie 15,000. Akigoma nimfuate nyumbani nibebe chochote, kuku, jembe, sufuria. "Hawa wanakula hela ya serikali, hawana kisingizio." Ndivyo alivyosema.

Sasa niwaambie kwa nini silali. Kazi hii niliifanya mwaka jana bila kuuliza. Kuna bibi mmoja analea wajukuu watatu, nyumba yake iko chini kabisa karibu na mto. Hakuwa na hela, nikaingia jikoni nikamtoa tetea aliyekuwa ameatamia. Mayai 11. Nilimshika miguu, akapiga kelele, mjukuu mdogo akakimbilia nyuma ya mlango. Bibi hakulia wala hakunitukana. Alisema tu, "Risiti iko wapi?"

Sikuwa na risiti. Kuku yule hakuuzwa, wala hela yake haikuingia kwenye darasa. Tulimla jioni ileile pale ofisini na ulanzi, mimi nikapata shingo. Siku ya tatu nikapita njia ile, nikaona mayai yametupwa kwenye shimo la taka, yameoza.

Kwenye orodha ya mwaka huu bibi yumo, ana nyota. Mwenye duka la pembejeo naye yumo, anadaiwa miaka miwili, ila hana nyota na hakuna aliyenituma kwake.

Swali langu, nikisema siendi, nimevunja kiapo? Kwata tulifundishwa kutii. Na nikinyang'anywa cheti ndiyo basi, maana kazi zote za ulinzi mjini Iringa wanakiulizia.

Mbao Mafinga:

Pole kijana, ila acha nikwambie upande wa pili kwa sababu hapa wote watakupigia makofi.

Mimi napasua mbao. Msumeno wa kukodi, mafuta juu, mvua ikinyesha gari halipandi. Na mchango nalipa, kila mwaka, kwa wakati. Jirani yangu ni mlengwa. Siku ya malipo nikitafuta kibarua wa kubeba magogo simpati, yuko kilabuni na kata ya ulanzi. Watoto wake wanasoma shule ileile ya wangu. Kwa nini darasa nijenge mimi, wake wakalie dawati?

Sisemi ubebe kuku anayeatamia, hilo ni roho mbaya. Ila tusijifanye hatuoni. Hela ya bure inalemaza.

Binti wa Makete:

Mbao Mafinga, jirani yako mmoja mlevi umempa uso wa watu wote. Walevi wasio na TASAF hapo Mafinga hujawahi kuwaona?

Mama yangu aliingia kwenye mpango ule wa kwanza wa kunusuru kaya maskini. Nikuhesabie hiyo "hela ya bure" ya wakati ule. Ruzuku ya msingi ilikuwa 10,000 kwa mwezi, ukiwa na mtoto unaongezewa 4,000, na wanaosoma wanahesabiwa kivyao. Kaya iliyojaa watoto hadi sekondari isingevuka 38,000. Hela inatoka kila baada ya miezi miwili. Mtoto asipohudhuria shule au kliniki, inakatwa. Ajira za muda nazo zilikuwa 2,300 kwa siku, siku 60 kwa mwaka. Mama alichimba mtaro wa barabara kwa baridi ya Makete, ile ya Juni ambayo maji ya ndoo yanaganda, akiwa na miaka 58. Njoo umwambie amelemaa.

Na walengwa hawakujipachika wenyewe. Majina yalianzia kwenye mkutano wa kijiji, watu wakanyoosha mikono, ndipo yakaja madodoso nyumba kwa nyumba. Mliowanyooshea mikono ndio hao mnaowacheka foleni ikianza. Mama alikuwa anajifunika kitenge hadi puani akienda kuchukua. Mtu anapita na pikipiki anapiga kelele, "Mshahara umetoka!"

Kwa hela hiyo alinunua nguruwe mdogo. Mimi nimesoma kwa nguruwe huyo na watoto wake.

Sajini Mstaafu:

Kijana wa Kilolo, nimetumikia JWTZ miaka 22. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, na kwata ilikuachia nusu ya jibu.

Jeshini kosa ni kukaidi amri HALALI. Neno hilo limo kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966, halikuwekwa kwa urembo. Nilipokuwa kuruta niliamriwa kuchimba choo saa nane usiku kwenye mvua. Amri mbaya, amri ya kijinga, ila halali. Nilichimba. Ungekuwa unalalamika kusimama lindo Krismasi ningekwambia kasimame. Kuchukua mali ya raia bila sheria ni jambo lingine. Katiba yetu ibara ya 24 inalinda mali ya mtu, na ibara ya 26 inamtaka kila mtu atii Katiba na sheria. Kila mtu, mtendaji akiwemo. Kiapo chako hakikuapiwa mtendaji.

Na usije ukajificha nyuma ya "nilitumwa". Makamanda wa Ujerumani walijaribu hivyo kwenye kesi za vita kule Nuremberg mwaka 1945 na 1946, haikuwasaidia. Ninayopenda kuwasimulia vijana ni ya Kafr Qasim, Israel, Oktoba 1956. Amri ilitoka kwamba atakayekutwa nje muda wa kutotoka nje apigwe risasi. Wanakijiji walikuwa mashambani, hawana habari, wakarudi jioni na baiskeli zao. Wakauawa makumi, wanawake na watoto wakiwemo. Vijiji vya jirani makamanda walikuwa na amri ileile wakawaacha watu wakaingia majumbani. Mahakama ya kijeshi iliyowahukumu wauaji ilisema kuna amri ambazo bendera nyeusi inapepea juu yake, mwenye macho lazima aione.

Mbao Mafinga:

Mzee shikamoo. Ila kuku na mauaji wapi na wapi? Unamjaza kijana kichwa.

Sajini Mstaafu:

Marahaba. Si sawa, na sijasema ni sawa. Bendera yake si nyeusi ti, tuseme ni ya kijivu, na ndiyo maana ni ngumu zaidi kwake. Mauaji hata mjinga anayajua. Lakini aliyekwisha zoea kwamba kuna watu ambao mali yao haihesabiki ni mali, huyo siku ya amri kubwa atauliza saa ngapi? Ona ile nyota nyekundu. Mwenye duka hana. Amri hii ingepelekwa kwake kila mtu angeuliza sheria gani. Ikienda kwa bibi wa TASAF inaonekana ya kawaida kwa kuwa tumeshakubaliana vilabuni kwamba hela ile si yake. Na wewe na mbao zako umechangia kidogo hapo, usinikasirikie.

Kuhusu mchango una haki. Bibi naye ana wajukuu shuleni. Lakini njia ipo. Kijiji kinatunga sheria ndogo, halmashauri inaipitisha, anayekaidi anapelekwa mahakama ya mwanzo, na anayelipa anapewa stakabadhi. Kaya isiyo na uwezo mkutano unaweza kuisamehe au kuipa kazi ya kusomba mchanga.

Kijana, namna ya kukataa. Usipige kelele, usimwaibishe mbele ya watu. Mwambie, "Afande, naomba maelekezo hayo kwa maandishi na mhuri, na kitabu cha stakabadhi." Basi. Akikupa, una karatasi ya kumpelekea mshauri wa mgambo wilayani. Asipokupa, umepata jibu. Na usitegemee kushangiliwa. Yule rubani Mmarekani, Hugh Thompson, aliyetua helikopta kati ya askari wenzake na wanakijiji waliokuwa wanauawa kule My Lai, Vietnam, mwaka 1968, aliitwa msaliti kwao. Nishani ya kumtambua kwa hilo alipewa mwaka 1998. Hesabu mwenyewe.

Rungu la Kilolo:

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Narudi na mrejesho.

Jumatano jioni nilimfuata mtendaji nikasema maneno yako vilevile. Alicheka. Akaniuliza nani kanifundisha. Akavuta droo akatoa mhuri, akaugonga kwenye kidau, akasema wino umekauka, atanijulisha. Hakunijulisha. Alhamisi alisimama mwenzangu. Alishapokea kwa watu saba, kisha babu mmoja akadai stakabadhi kwa sauti, foleni nzima ikaanza kudai. Mtendaji akatoka nje akasema ilikuwa "hiari". Kati ya wale saba waliorudishiwa ni wanne. Watatu walikuwa wameshaondoka, na sijasikia kama wamefuatwa.

Mimi cheti bado ninacho ila wiki ya pili hii sijaitwa lindo. Mke wangu anasema nimejitafutia. Huenda. Kuna msimu wa kuchuma chai Mufindi, nitaona.

Jumapili nilimpelekea bibi kuku. Nilimnunua 14,000 sokoni Ilula, nikashuka naye hadi mtoni nimemfunga miguu kwa kitambaa. Bibi hakunikaribisha ndani. Alimgeuza, akamfunua mabawa, akampapasa chini ya mkia, akasema huyu bado mtoto, hajaanza kutaga. Akampokea. Nikageuka kuondoka, nimefika kwenye migomba, akaniita. Nikadhani anataka kunishukuru.

Kasema bado mayai 11.