Ulinganisho: njia ipi bora ya kuipa kila programu ya wavuti ikoni yake kwenye Linux?

Saiba_MwembeTayari
Salaam aleikum wakuu. Mashine za wateja kwenye saiba (duka la intaneti) ni 5, zote Linux Mint Cinnamon, RAM 4 GB. Nataka WhatsApp Web, iTax (tovuti ya kodi ya Kenya) na eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) kila moja ikae na ikoni yake kwenye paneli, zisijifiche chini ya ikoni ya kivinjari. WhatsApp ziwe mbili, namba ya mauzo na ya huduma. Nishike Nativefier au Web App Manager, zana zinazogeuza tovuti kuwa programu, au niandike kwa mkono faili ya .desktop, ile inayoeleza ikoni na amri ya kufungua programu?

Bi_Kizingo
Waaleikum salaam. Nativefier iache, mradi ulifungwa 2023. Kila programu inayotengenezwa nayo hubeba kivinjari kizima cha Chromium ndani yake, na hicho hakijisasishi. Kwa tovuti za kodi hilo ni hatari kabisa.

Fundi_Likoni
Kwa mkono ndiyo njia unayoielewa ikiharibika. Andika `~/.local/share/applications/wa-mauzo.desktop`:

```
[Desktop Entry]
Type=Application
Name=WhatsApp Mauzo
Exec=chromium --app=https://web.whatsapp.com --user-data-dir=/home/saiba/.wa-mauzo --class=wa-mauzo
Icon=/home/saiba/ikoni/mauzo.png
StartupWMClass=wa-mauzo
```

Wengi huweka `--class` (jina linalotambulisha dirisha) peke yake kisha washangae ikoni haijatengana. Chromium ikiwa tayari imefunguka, amri mpya hukabidhiwa ile inayoendelea, na `--class` yako hupotea. Ni `--user-data-dir`, yaani folda ya profaili (kuki na mipangilio) ya programu hiyo pekee, inayolazimisha ianze upya. Njia andika kamili, kwani `~` (kifupi cha folda yako ya home) haitafsiriwi kwenye mstari wa Exec. Anwani ikiwa na alama ya `%`, iandike mara mbili: `%%`.

Kisauni_Tux
Kaka Fundi yuko sawa, ila Web App Manager hufanya kazi hiyohiyo kwa kubofya, na imo ndani ya Mint tangu 20.1. Washa chaguo la profaili ya pekee, tengeneza mbili zenye majina tofauti, basi. Kwa WhatsApp mimi ningeishia hapo.

Anayetumia Ubuntu atahadhari: Chromium ya snap (kifurushi cha Ubuntu kinachozuiwa kugusa baadhi ya folda) hairuhusiwi kugusa folda iliyofichwa iliyo moja kwa moja ndani ya home, kwa hiyo `.wa-mauzo` itakataliwa. Weka profaili ndani ya `~/snap/chromium/common/`, nayo njia iandikwe kamili.

Saiba_MwembeTayari
Ahsanteni. Kwa hiyo profaili ya pekee niweke kwa zote nne?

Bi_Kizingo
Hapana ndugu yangu, tafadhali. Profaili ya kudumu huhifadhi kuki, zile zinazokumbuka nani ameingia. Mteja akisahau kutoka eCitizen, anayemfuata anaweza kukuta akaunti yake wazi. Kwa eCitizen na iTax tumia profaili inayofutwa. Hifadhi skripti hii kama `/usr/local/bin/ecitizen`, iruhusu kwa `chmod +x`, kisha Exec iiite hiyo:

```
#!/bin/sh
d=$(mktemp -d)
chromium --no-first-run --user-data-dir="$d" --class=ecitizen --app=https://accounts.ecitizen.go.ke
rm -rf "$d"
```

Dirisha likifungwa, profaili inafutika. Ila PDF alizopakua mteja hubaki kwenye folda ya Downloads! Cheti cha PIN ya kodi cha mtu kisilale hapo hadi kesho; ongeza mstari wa kuisafisha.

Fundi_Likoni
Naam, hilo ni muhimu kuliko ikoni. Tena kila profaili ni Chromium nyingine kwenye kumbukumbu, kwa hiyo kwa GB 4 usifungue zote kwa pamoja. Na WhatsApp huruhusu vifaa 4 vilivyounganishwa kwa namba moja, kila profaili ikihesabika kifaa. Mashine zako 5 hazitaenea.

Kisauni_Tux
Ikoni ikikataa kutengana, kwenye terminali andika `xprop WM_CLASS`, bofya lile dirisha, kisha nakili neno la pili uliweke kwenye StartupWMClass. Kwa anayetumia eneo-kazi la GNOME juu ya Wayland (mfumo mpya wa kuonyesha madirisha), xprop haitamsaidia: bonyeza Alt+F2, andika `lg`, fungua Windows. Jina utakaloliona huwa na umbo la `chrome-web.whatsapp.com__-Default`. Linakili kama lilivyo, mistari miwili ya chini pamoja.