Naombeni ushauri: cherehani na baisikeli zina undugu?

Mwanaisimu_Mchanga: Wakuu, habari za jioni. Nasoma isimu mwaka wa pili. Nimepewa kazi ya kuunda upya nomino yenye maana ya gurudumu katika Kihindi-Kiulaya Mame, yaani lugha ya kale iliyozaa lugha nyingi za Ulaya na India. Nimekusanya maneno mnasaba haya, yaani yaliyorithiwa kutoka neno moja la asili: Kisanskriti cakra, Kigiriki kyklos, Kiingereza wheel na Kitokari (lugha iliyokufa ya Asia ya Kati) kokale, ambalo ni gari la kukokotwa. Nilipokwama ni hapa: c, k na wh zinatokaje kwenye sauti moja? Tena nimekaa karibu na cherehani ya mama, naliangalia gurudumu lake la pembeni anavyolizungusha kwa mkono, nikajiuliza kama neno lenyewe halimo humo. Nawasilisha Ijumaa.

Mzee wa Mizizi: Mdogo wangu, anzia kwenye mzizi *kʷel-, kuzunguka. Waliurudufu wakapata *kʷékʷlos, kama sisi tunavyosema zungukazunguka. Hiyo kʷ ni k inayotamkwa midomo imeviringwa. Upande wa lugha za Kijerumaniki, ukoo wa Kiingereza na Kijerumani, k ililegea ikawa h. Mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm aliieleza kanuni hiyo mwaka 1822. Wheel ya leo itakupoteza, chukua umbo la Kiingereza cha kale: hwēol. Na nyota ya mbele (*), alama ya umbo lililoundwa upya, usiisahau, maana hakuna aliyeliona *kʷékʷlos limeandikwa popote.

Bi Sarufi: Mimi cakra ndiyo inayonifurahisha. Hiyo c ni ch. Sasa kwa nini kʷ mbili zilizokuwa sawa zitoe ch na k? Ya kwanza ilifuatwa na e, ikalainika. Ya pili ilifuatwa na l, ikabaki k. Baadaye e yenyewe ikageuka a, lakini ch ipo mpaka leo kama alama ya unyayo: hapa palipita e. Kanuni si ileile, ila mdomo wako unaijua njia hiyo: ki-angu, changu.

Kuhusu cherehani, umehisi vyema. Inatokana na charkh ya Kiajemi, gurudumu, ndugu wa cakra. Baisikeli tumeipata kwa Waingereza, na mwisho wake ni kyklos. Undugu upo, ila usiziingize kwenye jedwali, hayo ni maneno ya kukopa.

Mwanaisimu_Mchanga: Asante sana, Bi Sarufi. Na cyclus ya Kilatini?

Bi Sarufi: Hiyo nayo ni mkopo kutoka Kigiriki. Itoe.

Mwanaisimu_Mchanga: Nimeitoa. Shikamoo Mzee, asante.