Umbali wa mitambo ya upepo na makazi: tupime mita au athari?

Mwulizaji
Ndugu zangu, nimo katika kamati inayopitia upya kanuni za mipango ya ardhi kwa miradi ya umeme wa upepo. Wenzangu wengi wanataka kila mtambo uwe mbali na nyumba kwa umbali usiopungua mara kumi ya urefu wake, wakiamini kwamba malalamiko yatakwisha. Mimi nasita. Je, kanuni hiyo imewahi kutumika, na ilizaa nini?

Mpangaji ardhi
Poland waliiweka mwaka 2016, urefu ukihesabiwa hadi ncha ya panga lililosimama wima. Mtambo wa mita 150 ulihitaji basi kilomita moja na nusu kila upande, na penye nyumba zilizotawanyika haibaki ardhi ya kujengea. Miradi mipya ilikwama, na mwaka 2023 sheria ikalegezwa, umbali wa chini ukawa mita 700. Denmark hutumia mara nne ya urefu, tena wakaweka kikomo cha kelele: kwenye nyumba za mashambani zisizidi desibeli 44 upepo unapovuma mita 8 kwa sekunde. Hapo ndipo ningewaomba mkazanie, kwa sababu kinachomnyima mkazi usingizi ni kelele inayomfikia, nayo hutegemea umbo la ardhi na aina ya mtambo.

Mhandisi
Msisahau kivuli. Jua likiwa chini nyuma ya mapanga yanayozunguka, kivuli hupitapita dirishani, na anayeishi humo huchoka kweli. Ujerumani hukadiria hali mbaya kabisa, yaani kana kwamba jua huwaka mchana kutwa na mapanga hayasimami, na kuruhusu kivuli cha saa 30 kwa mwaka, dakika 30 kwa siku. Muda huo ukizidi, mtambo hufungiwa kifaa cha kuuzima saa hizo. Andikeni pia atakayelipia kuubomoa, na dhamana itolewe kabla ya ujenzi, kwa kuwa kampuni inaweza kufilisika wakati minara ingali imesimama.

Mpangaji ardhi
Kuhusu maoni ya wananchi, England mwaka 2015 iliweka sharti kwamba hoja za jamii zitatuliwe kwanza, bila kueleza vizuri kutatuliwa ni nini, hata pingamizi chache zikaweza kuzuia mradi. Sharti hilo liliondolewa Julai 2024. Wasikilizeni wakazi mapema, kabla ramani haijachorwa, lakini kanuni itaje muda na namna ya kuamua.

Mwulizaji
Nashukuru sana. Nitapeleka kikomo cha kelele na dhamana ya ubomoaji kwenye kikao kijacho. Je, kelele hizo hupimwa na nani baada ya mtambo kuwashwa: mwenye mradi au mpimaji huru?