Toyota Corona ya zamani inapiga tik tik asubuhi, msaada

Dereva_Jinja: Wakuu habari zenu, nina Corona ya 1995 injini ya 4A, ikiwashwa asubuhi inapiga tik tik tik, ukikanyaga mafuta sauti inakimbia nayo, ikipata moto inapungua mpaka inapotea. Oili kwenye stiki iko sawa. Fundi mmoja hapa anataka tufungue injini yote, ndo nikasema niulize kwanza kabla sijauza mbuzi.

Mzee_wa_Spana: Banange, usifungue kitu! Hiyo ya kupotea na moto mara nyingi ni manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini) inavuja, chuma kikipanuka ufa unajiziba. Angalia masizi meusi kwenye gasketi na ufanye hivyo injini ikiwa baridi, usije ukaungua.

Nakato_Mbale: Au valvu. Injini hiyo haina za haidroliki zinazojirekebisha zenyewe, zake zinarekebishwa kwa shimu (vipande vyembamba vya chuma), na mafundi wengi hawana uvumilivu wa kuzipima. Chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye kava la valvu, mpini sikioni usikie sauti inatoka wapi, halafu alteneta, halafu wota pampu. Chunga mkanda na feni tu.

Mzee_wa_Spana: Kweli dada. Ila ikiwa inagonga nzito kutoka chini na inazidi ukipanda mlima, hapo zima uvutwe, ni beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krankshafti).

Dereva_Jinja: Masizi yapo, silinda ya tatu! Gasketi nitapata wapi?

Nakato_Mbale: Kisekka, soko la vipuri Kampala. Nenda na ya zamani mkononi wasikupe isiyo yako.