Grinev wa Pushkin: msaliti au muungwana?

Wadau, nimemaliza ile riwaya ya Pushkin ya 1836, ya binti wa kapteni, uasi wa Pugachev huko Urusi enzi za Katerina wa Pili. Kinachonikera, Grinev, yule afisa kijana, kala kiapo cha jeshi halafu anakaa meza moja na Pugachev, kiongozi wa waasi, huo si usaliti?

— Hapana bana, soma tena. Pugachev alimwomba ajiunge akamkatalia usoni, na kitanzi alishakionja asubuhi yake! Kilichomwokoa ni koti la sungura alilompa Pugachev kabla ya uasi, baada ya ile tufani ya theluji, tena lilimbana mpaka mishono ikaachia, mzee Savelich, mtumishi wa Grinev, nusura alie lol

— Mi namkubali Masha, huyo binti wa kapteni. Mlio wa mzinga tu nusura umuue kwa hofu, ila ndo huyohuyo akafunga safari mpaka Tsarskoye Selo, kwenye kasri la malkia, akakuta mama na kimbwa chake bustanini, akamwaga yote kumbe ndo malkia Katerina mwenyewe. Na mchumba wake Grinev alikuwa kahukumiwa kupelekwa Siberia kwa huohuo usaliti, kisa hakutaka jina la Masha litajwe kortini

— Daah, hapo kortini nilipita mbio. Narudi sura ya 14