Mrejesho: nimepata laptopu ya Qubes hapa Bukavu

Ndugu zangu, niliuliza laptopu gani ya mtumba itakubali Linux na Qubes OS (mfumo wa kompyuta unaotenga kazi moja na nyingine kwa usalama), maana ninatunza shuhuda za watu na siri zao zisivuje. Asanteni sana kwa majibu.

Nimenunua ThinkPad T480, pale Nyawera. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji niiwashe kwa flashi ya Tails (mfumo wa Linux unaowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi): Wi-Fi ya Intel ikashika papo hapo, sauti na kibodi sawa. Kisha nikaingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), kwenye Security, halafu Virtualization. VT-d, uwezo wa kompyuta wa kutenga vifaa vyake, ilikuwa imezimwa! Nikaiwasha. Qubes inaitegemea hiyo kuitenga kadi ya mtandao na mafaili yenu, kwa hiyo msiruke hatua hii hata muuzaji akiwaharakisha.

Memori ilikuwa GB 8, ikawa inakwama. Nimeongeza hadi 16 na sasa ninafanya kazi kwa raha. Betri ni mbili, ya ndani na ya kuchomoa. Umeme ukikatika jioni, ninaendelea kuandika.

Kaka uliyenionya kwamba kadi za picha za Nvidia husumbua kwenye Qubes, Mungu akubariki. Niliiacha T480 nyingine yenye kadi hiyo, nzuri kwa macho, kwa sababu hiyo tu.