Mafuta ya CBD kwa wazee wetu wanaosahau: tununue au tungoje?

Wanakusini wenzangu, naomba tulijadili hili bila kutupiana maneno.

Bibi yangu yuko Mikindani, Mtwara. Msimu uliopita nilimkuta uani anabangua korosho za kuchoma. Mikono ilikwenda vilevile kama zamani, ila viini alikuwa anawatupia kuku na maganda anayaweka kwenye ungo. Nilipomwamkia akaniitikia kwa jina la mjomba, marehemu. Daktari ametuambia ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu. Majirani wanasema karogwa, na hilo linaniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Sasa binamu yangu anataka tuchange, tumnunulie chupa ya mafuta ya kanabidioli, yaani CBD, kemikali inayotoka kwenye bangi. Anasema hayaleweshi, kwani kinacholewesha kwenye bangi ni THC, na kwamba Marekani iliidhinisha dawa ya CBD mwaka 2018. Yote mawili ni kweli. Lakini dawa hiyo, Epidiolex, iliidhinishwa kwa aina adimu za kifafa. Kwa Alzheimer, matokeo ya kutia moyo yametoka zaidi kwa panya na kwenye seli za maabara. Kwa binadamu ushahidi bado ni mdogo mno.

Chupa yenyewe ndiyo inanitia hofu. Mwaka 2017 watafiti walichapisha vipimo vya bidhaa 84 za CBD zilizouzwa mtandaoni: 26 tu ndizo zilikuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo, na 18 zilikutwa na THC. Hii yetu ya mkono kwa mkono ataipima nani? Bibi anameza dawa za presha kila siku, na CBD huweza kulichelewesha ini kuvunja baadhi ya dawa. Halafu kwa sheria yetu ya mwaka 2015 bangi ni dawa ya kulevya. Ukikamatwa utajieleza vipi?

Kwa hiyo mimi sichangi. Ila nawapinga pia wanaosema bangi ni bangi, mlango ufungwe. Desemba 2020 Umoja wa Mataifa uliitoa bangi kwenye kundi linalobanwa kuliko yote. Wataalamu wetu waruhusiwe kuifanyia utafiti hapa hapa, familia zikiridhia, dozi ikijulikana, ini likipimwa.

Binamu kanijibu: utafiti utachukua miaka kumi, Bibi hana miaka kumi. Hapo nilinyamaza. Ninyi wenye wazee ndani, mngemjibu nini?